Kisiwa cha Ukumbini

Saa tatu kasorobo asubuhi Mwanafatuma alikuwa amekwisha kutandika vitanda kumi na kimoja. Akavua aproni, akanawa mikono na kupanda ngazi hadi ukumbi wa mikutano wa hoteli, kwenda kupimwa kama anafaa kupandishwa cheo. Miaka kumi na mitatu alikuwa akitandika vitanda hapo Diani. Nafasi iliyotangazwa ilikuwa ya msimamizi wa vyumba, na atakayeipata angepewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko kuu. Cheo chenyewe hakikumshughulisha sana. Alikitaka kile chumba cha pili, amlete mamake, Bi Nusra, aliyebaki peke yake Mkwiro, mwendo wa matatu kisha mashua. Wafanyakazi wa kawaida hulala wanne wanne, na hawaruhusiwi kuleta mgeni.

Watahiniwa walikuwa sita. Mmoja wao alikuwa Ndolo wa mapokezi, kijana mcheshi kutoka bara, mwenye miaka miwili kazini na maneno ya kumtosha mtu wa miaka ishirini. Mtathmini alitoka Nairobi, dada mpole wa miwani aitwaye Mercy, na mkononi alikuwa na fomu sita, kila mtahiniwa na yake. Aliwaketisha kwenye meza kubwa ya mbao, akawaeleza zoezi. Chombo kimezama, nyinyi sita mmetupwa kisiwani, mmebakiwa na vitu kumi na viwili. Jadilianeni kwa dakika arobaini, mvipange kwa umuhimu. Yeye angekaa pembeni atazame tu.

"Hakuna jibu sahihi wala jibu baya," akasema, kama wasemavyo wote wenye kalamu ya kutoa alama.

"Samahani, dada," Mwanafatuma akauliza, "ni kisiwa gani?"

"Kisiwa chochote tu."

"Kina watu?"

"Hakina."

"Na maji ni ya bamvua, ya kujaa na kupwa sana, au ni maji mafu?"

Mercy akaipekua karatasi yake, asione maelezo hayo, akaandika kitu kifupi kwenye fomu ya Mwanafatuma. Tusimlaumu. Lakini mtu aliyezaliwa Mkwiro, kwenye ncha ya Kisiwa cha Wasini, utamwelezaje kwamba kufika kisiwani ni kupotea? Mwanafatuma alipotea siku ile alipotoka.

Dakika ya sita bahari ikaingia. Ilipita chini ya mlango wa dharura, taratibu, safi na vuguvugu, ikawafika vifundoni. Ndolo akavua viatu akaviweka mezani.

"Wasee, tusipoteze time," akasema. "Mimi naona kioo kiwe namba moja. Ndege ikipita, tunaimulika, tunaonekana."

Wawili wakamuunga mkono. Mercy akapandisha miguu kitini, akampa Ndolo alama mbili, moja ya kuanzisha hoja na nyingine ya kujali muda.

Maji yakafika magotini. Mjadala wa kioo na turubai uliendelea vizuri, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kumaliza. Mwanafatuma alichovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji ya kwao. Huwezi kuyakosea maji uliyokulia.

"Yatafika kifuani, kisha yatakupwa," akasema. "Tupandeni mezani."

Alilisema mara moja, kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba chai iko tayari. Kisha akainuka, akamshika mkono mwanamke wa dobi asiyejua kuogelea, akampandisha wa kwanza, na wengine wakafuata wakiwa bado wanajadiliana. Akajifunga leso kibwebwe, akamwendea Mercy kule pembeni na kumbeba mgongoni hadi mezani.

"Asante sana," Mercy akasema, fomu zikiwa kichwani. "Ila mtathmini hatakiwi kuingilia zoezi."

"Naelewa, dada. Nishike vizuri."

Ndolo akapendekeza wapige kura, na kioo kikashinda. Mwanafatuma hakupiga kura, kwa kuwa alikuwa majini hadi kifuani, ameukamata ukingo wa meza isichukuliwe na mkondo. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kuhesabu mara ambazo mtahiniwa amechangia mjadala, na kwake Mercy akaandika moja. Kisanduku cha kushika meza hakikuwapo.

Kufika dakika ya thelathini na nane maji yalikuwa yamekupwa. Chini hapakuwa tena na zulia bali mwamba wenye vidimbwi. Mwanafatuma akachukua kijiti cha kuonyeshea ubaoni, akachokoa tundu lililokuwa chini ya spika, akamtoa pweza wa kilo mbili. Akacheka peke yake kwa raha. Wenzake wakamngoja amalize, kisha wote wakatia sahihi kwamba wamehudhuria.

Matokeo yalitoka Jumatatu. Ndolo akapata cheo pamoja na nyumba. Barua ya Mwanafatuma ilimsifu kwa utulivu wake na kumshauri ajitokeze zaidi katika kazi za pamoja. Ilimuuma. Alikaa kwenye ngazi za dobi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akalia kidogo, akarudi kwenye vitanda vyake.

"Mathe, pole," Ndolo akamwambia koridoni, akiona haya kidogo. "Ile siku ulitushikia meza poa sana."

"Ahsante, mwanangu. Nyumba iwe ya heri."

Bahari haikuondoka. Hujaa na kupwa ukumbini kila siku, na mikutano hupangwa kwa kuuangalia mwezi. Kazi ya kufuta chumvi vitini imeongezwa kwenye zamu ya Mwanafatuma, na hiyo haikuhitaji zoezi wala barua.

Siku za bamvua, mnamo saa nne asubuhi, maji hupwa mbali sana, ng'ambo ya mlango wa dharura, na juu ya mwamba uliobaki wazi Bi Nusra huja kwa miguu kutoka Mkwiro, na kikapu chake. Humchukua robo saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Mara ya kwanza Ndolo alikuja na kitabu cha kanuni, kama msimamizi alivyopaswa. Akasoma kwamba mgeni wa mfanyakazi asipitishwe getini. Bi Nusra hakupita getini. Ndolo akafunga kitabu, akaamkia, akakaribishwa pweza wa nazi, naye akala.

Kwa saa mbili hizo za maji kupwa Mwanafatuma hana analolitamani. Wao hula kwenye ile meza ya mbao, Bi Nusra akimsuka nywele na kumpa habari za kila nyumba ya Mkwiro. Maji yakigeuka, bibi huyo hujitanda leso na kuondoka upesi, kwani hoteli ile ina vyumba mia mbili na kumi, na hana humo pa kulala.