Injini ya Shaba na Maziwa ya Jioni

"Shusha hiyo ng'ombe!"

"Usishushe, Gure, funga kamba—"

"Nimesema shusha, kabla sijapanda huko juu nikushushe wewe na yeye!"

"Mama Wendy, ebu nimalize kuongea—"

"Umalize? Umeongea tangu Jumatatu! Mzee wa miaka sabini na moja, siku tano anaongea juu ya kitu ya kuchezea!"

"Si ya kuchezea! Ni injini!"

"Injini ya kubeba nani? Kuku?"

Gure, mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, alisimama katikati ya mke na mumewe, kamba mkononi, kama refa aliyesahau filimbi nyumbani. Ng'ombe mwenyewe, ambaye Wangechi, yaani Mama Wendy, alimwita Madam kwa vile alitembea kama mwalimu mkuu, alikuwa amepandisha miguu ya mbele kwa pikapu na ya nyuma ingali kwa nyasi za Endarasha. Nusu safarini, nusu nyumbani. Alitafuna tu.

Na kile kitu cha kuleta balaa kilikuwa kimekaa juu ya boneti, kwa gazeti. Injini ya treni ya shaba tupu, urefu wa mkono wa mtu mzima, na boila yake, magurudumu yake, filimbi yake. Ukiitia maji na spiriti inatoa moshi kama ile ya ukweli. Gure aliitoa kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, ikiwa kwa katoni moja na fimbo za kuvua samaki. Tajiri mmoja wa Nairobi alikuwa ameahidi kuilipia laki moja na themanini. Lakini Ngatia, mume wa Wangechi, aliyeendesha treni mpaka nywele zikaisha, aliiona kabla ya huyo tajiri, akashika kifua, akasema: nipe hiyo, chukua ng'ombe yangu.

Ng'ombe yangu. Hapo ndipo hasira ya Wangechi ilitoka kwa gambuti ikapanda mpaka kwa kitambaa cha kichwa.

"Mimi nina sheria yangu, mama," Gure akajitetea. "Ng'ombe ya mzee peke yake sinunui. Kule Kianyaga mama mmoja alinifuata mpaka soko, na panga, na nusu ya kwaya ya kanisa. Nikamuuliza mzee, mama amekubali? Akasema amekubali. Wallahi alisema."

"Nilikubali lini?" Wangechi akamgeukia mumewe.

"Jumatatu. Nilikuambia ukanyamaza."

"Nilinyamaza juu nilikuwa naanika nguo! Nilikuwa na vibanio vinne kwa mdomo!"

"Sasa mimi ningejuaje—"

"Ungengoja niteme!"

Sasa, kule Endarasha hata mtoto wa nasari anajua mambo ya maziwa. Ya asubuhi inaenda deri kuuzwa kwa jina la mzee. Ya jioni ni ya mama, na hakuna mtu anauliza imeenda wapi. Jioni za Madam, na za mama yake Madam kabla yake, ndizo zilinunua tangi la maji, mabati ya jikoni, na meno mawili ya mbele ambayo Wangechi alikuwa anamwonyesha Ngatia saa hiyo.

"Unataka kuuza? Uza nusu yako. Mkate hapo katikati. Peleka asubuhi yako Nanyuki, uniachie jioni yangu."

Gure aliangalia viatu vyake kwa bidii. Mabega yalikuwa yanatingika.

"Wewe cheka, Gure. Cheka tu."

"Sicheki, mama. Ni baridi."

Ngatia akaona maneno yamemshinda. Akarekebisha kofia yake ya reli, ile hata wajukuu hawaruhusiwi kugusa, akainama kwa boneti. "Ngoja uisikie," akasema. "Ukiisikia utaelewa." Akamimina maji, akamimina spiriti, akawasha kiberiti. Mikono yake siku hizi inamwaga chai kila asubuhi. Lakini kwa injini hiyo haikumwaga hata tone. Wangechi aliona hilo, na likamuuma zaidi.

Maji yakachemka. Magurudumu yakaanza kuzunguka, cheki-cheki-cheki, na Ngatia akavuta kamba ndogo ya filimbi.

Fiiiii!

Madam hakungoja kura ipigwe. Alirudi nyuma, akaangusha mlango wa pikapu, na akakimbia mpaka kwa boma lake mkia ukiwa juu.

"Umeisikia?" Ngatia hata hakugeuka kuangalia ng'ombe. Macho yalikuwa yamejaa maji. "Mama Wendy, si ni ile sauti? Ile ya Kiganjo?"

Wangechi alikuwa ameisikia vizuri sana. Alikuwa ameisikia akiwa na miaka ishirini na moja, bibi-arusi wa juzi, akitoka kwa nyumba za reli pale Kiganjo na mkebe wa githeri kichwani, chakula cha mchana cha Ngatia, akiunyoosha juu, juu kabisa, mpaka kwa dirisha la injini.

"Nilikuomba kitu moja," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na Gure akarudi hatua moja. "Miaka yote hiyo, kitu moja. Nipande mbele na wewe, mpaka Naro Moru tu. Ulisema nini?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Sema Gure asikie."

"Nilisema... mwanamke akipanda, injini itakosa pumzi. Ilikuwa ni sheria ya reli, Wangechi."

"Sheria! Mbuzi ya Krismasi ya stesheni masta ilipanda hapo mbele, nikiona na macho yangu! Mbuzi! Mimi nikaambiwa niende nyuma nikae na magunia ya viazi. Halafu leo unataka nilipe hiyo injini na maziwa yangu?"

Ngatia aliinama kwa injini. Akapuliza ule moto mdogo ukazima. Injini ikatoa pumzi ya mwisho, ikanyamaza.

"Ipeleke, Gure," akasema. "Umpatie huyo mtu wa Nairobi. Mimi sinunui."

Gure aliirudisha kwa katoni polepole, akafunga kwa kamba ile ile ya ng'ombe. Ngatia akageukia ua. Basi Wangechi alikuwa ameshinda. Madam yuko bomani, jioni ziko salama. Alingoja hasira ishuke. Ikakataa. Ilikuwa na miaka arobaini na saba na haikuwa inatafuta ng'ombe.

"Gure."

"Naam, mama."

"Leo ni Ijumaa?"

"Ni Ijumaa."

Wangechi akazunguka pikapu, akafungua mlango wa mbele, akaingia, akaiweka ile katoni magotini.

"Ile treni ya Nanyuki ya kila Ijumaa inapita Naro Moru leo jioni. Nipeleke stesheni. Nataka kumwomba dereva nipande mbele."

Gure akamwangalia Ngatia. Ngatia akaangalia boma. "Jioni? Sasa Madam atakamuliwa na nani?"

"Jioni ya leo nimekupatia. Kamua." Akatoa mkono dirishani, kiganja juu. "Na hiyo kofia, Ngatia. Ivue, unipe."