Viluwiluwi Wanaokufa Jumatatu

Mimi sipendi kuulizwaulizwa kuhusu kazi yangu. Miaka kumi na moja nafuga viluwiluwi wa mbu hapa kwenye taasisi ya utafiti. Nawalisha chakula cha samaki, nawabadilishia maji, na wanaonifia ni wa kuhesabu kwa vidole. Sasa mtu anakuja na daftari lake, anakuuliza, "Mama, hivi unawafanyia nini hawa?" Na mtu mwenyewe ni mke wa mwanangu.

Mkwe wangu alikuwa anatafuta dawa ya kuwaua. Si sumu ya dukani, ni unga wa manjano, haya haya ya kwenye mchuzi, anayatengeneza kwa ufundi wake na kuyatia kwenye maji ili viluwiluwi wayale. Inavyoua sikumwuliza, naye alidhani najua. Aliniambia tu mabeseni yakae kibarazani, nami nikaona sawa, labda hapendi maabara inuke.

Dawa ilikuwa inagoma. Mkuu wa idara alikuwa amempa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata: isipofanya kazi, utafiti wa miaka miwili unafungwa na chumba anapewa mwingine. Mkwe alikonda mpaka nikaanza kumpakulia mwenyewe.

"Angalia, mama," akanionyesha daftari jikoni. "Jumatatu wamekufa wote. Jumanne wazima. Jumatano wazima. Jumatatu tena, wote. Na Jumatatu ndiyo siku yako ya mapumziko."

Nilinuna. Kwa hiyo mimi ndiye nawapa uhai? Nikamnyima maneno jioni nzima. Lakini swali halikuniacha, maana hesabu zake hazikuwa na kasoro.

Jumatatu iliyofuata sikupumzika. Nikajibanza kwenye chumba cha stoo kama mwizi, nikamchungulia mwenzangu anayenishikia zamu. Akawalisha, akaenda zake. Hakugusa kingine chochote. Mabeseni yakabaki yameachwa wazi, jua linayapiga, na mikono ikaniwasha nikayafunike. Mimi huwa nayafunika kwa kitambaa cheusi saa tatu asubuhi, maji yasichemke, nayafunua saa tisa, kabla mkwe hajaja kuhesabu. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoanza kazi, na ndivyo ninavyofanya bila hata kufikiri.

Ilipofika saa saba viluwiluwi wakaanza kulegea, mmoja mmoja wakizama. Nikatoka mbio kwenda kumtukana mwenzangu kwa uzembe, lakini kwanza nikatia kidole kwenye maji. Yalikuwa ya uvuguvugu tu. Beseni la pembeni, lisilotiwa dawa, nalo liko kwenye jua lile lile, viluwiluwi wake wanacheza.

Nikasimama pale nakuna kichwa. Kama si joto, ni nini? Nikamfuata mkwe ofisini kwake.

"Mwanangu, hiyo dawa yako inataka jua?"

"Ndiyo, mama. Mwanga ndio unaoiamsha ikiwa tumboni mwao. Gizani ni manjano tu. Kwa nini?"

Ningeweza kunyamaza na kuacha kufunika, nani angejua? Lakini siku zote zile zilizogoma zingebaki daftarini, na mkuu asingemwamini kwa Jumatatu chache. Nikamwambia. Alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono.

Ijumaa tulimwita mkuu. Mabeseni matano wazi, matano chini ya kitambaa changu, dawa sawasawa. Saa kumi nikafunua. Walio kwenye giza wote wazima, walio kwenye mwanga hakuna aliyepona. Mkuu akarudia kuhesabu mara mbili.

"Na zile siku zilizogoma," akauliza, "nani alikuwa anafunika?"

"Mimi," nikasema.

Nilisubiri nifukuzwe. Akavuta daftari, akanipa kalamu. "Basi andika. Kila tarehe uliyofunika. Hizo si siku za kushindwa, ni ushahidi kwamba bila mwanga haiui. Utafiti unaendelea."

Nikaandika tarehe arobaini na moja. Katikati machozi yakanitoka, wala sikuyaficha. Kila tarehe ilikuwa jioni moja ambayo mkwe wangu alirudi nyumbani akashindwa kula, na mimi nimeketi mbele yake, namwambia avumilie.