Jicho la Maji Jikoni kwa Mavyaa

Kamanda hakuwa na cheo chochote cha jeshi. Jina hilo alipewa na wenzake wa kazini, kwa sababu kila bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, alilitembea tuta zima la kuzuia maji, upande wa nyumba, miguu mitupu, akitafuta unyevu kwa nyayo. Mkononi glasi tu. Palipochuruzika alikinga, akainua kwenye mwanga. Maji yakiwa meupe, heri, tuta linatoka jasho. Yakiwa na mchanga, hapo hakuna mzaha, tuta linaliwa tumboni.

Saa tano kasorobo asubuhi aliingia jikoni kwa mavyaa wake, nyumba ya kwanza chini ya tuta. Pembeni, nyuma ya jiko, palikuwa na jicho la maji alilolizungushia viroba vya mchanga tangu mwaka juzi. Leo hapakuwa na kiroba wala jicho. Palikuwa na sakafu mpya inayong'aa.

"Umeona kazi ya mumeo?" mama mkwe alisema, kifua mbele. "Jumamosi kanizibia lile balaa. Miaka miwili wageni wangu wanaruka viroba kama mbuzi! Mkwe wangu analinda mji mzima, na mimi jikoni nakanyaga tope. Aibu gani hiyo?"

Mume wa Kamanda, fundi mwashi ambaye sakafu yake haijawahi kuvuja, alisimama mlangoni akitabasamu.

Kamanda alitoka nje hatua tano, pale tuta linapokutana na ua, akakuta maji mapya yakibubujika. Alikinga glasi. Ikajaa rangi ya chai ya maziwa. Saa sita bahari ingefika juu kabisa, na kwa mwendo ule tuta lisingeiona hiyo saa sita. Nyumba ya kwanza kuzolewa ingekuwa hii.

Alirudi na mtaimbo.

"Mama, niwie radhi. Navunja sakafu."

"Unavunja nini? Ya mwanangu? Mbele ya macho yangu?"

"Taratibu, mke wangu," fundi alisema. "Nipe nusu saa, na hilo jicho la nje nitaliziba pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Wazee walisema ufa, baba, hawakusema jicho la maji!" Kamanda alisema. "Uliziba hili, likatoka la nje. Ukiziba la nje, la tatu litatokea katikati ya tuta, na hapo hata saruji ya nchi nzima haitoshi. Maji haya yanataka kuachiwa njia, yazungushiwe viroba, yapande humo mpaka uzito wake wenyewe uyatulize, mchanga ubaki chini. Sakafu ni zako. Tuta ni langu. Kimbia juu tutani, waite wenzangu, na viroba vyote vilivyopo."

Fundi alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akakimbia.

Lakini mavyaa alikuwa amesimama juu ya sakafu mpya, mikono kiunoni. "Utaanza na miguu yangu."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, Kamanda hakuwahi kumpandishia sauti mama huyu, na leo pia hakumpandishia. Alimtia glasi mkononi.

"Huo uliomo ndani ndio udongo unaoibeba nyumba yako, mama. Tazama unavyoondoka."

Mama aliutazama mchanga ukituama. Akasogea.

"Vunja, mwanangu. Vunja upesi."

Pigo la nne, maji yakaruka hadi magotini, machafu. Viroba vikaja vikirushwa mkono kwa mkono, nje na ndani, kimoja juu ya kingine hadi kiunoni. Maji yakapanda ndani ya duara, yakapanda, kisha yakaanza kusitasita. Saa sita bahari ilikuwa imejaa upande wa pili. Kamanda akachota. Meupe. Akachota tena, maana kazi yake haitaki pupa. Meupe pepepe. Tuta limesimama.

Fundi alijikuna kichwa, akiitazama sakafu yake iliyokuwa vipande. "Basi bahari ikishuka, mama, nitaparudishia vizuri, safari hii na nondo..."

"Thubutu!" mama alisema. Alikuwa anaisuuza ile glasi, akaipanga kabatini, mstari wa mbele, pamoja na glasi za wageni. "Shimo hilo ni la mkaza mwana wangu. Wageni wataruka."