Afia wa Mochwari

Ijumaa mjini Kumasi ni siku ya kuchukua maiti. Anayetaka kuzika Jumamosi, na nani hataki kuzika Jumamosi, huja na gari, na vitambaa vyekundu na vyeusi, na ndugu wenye sauti. Ndiyo siku ambayo kompyuta ya mochwari ilichagua kufa.

Asiedu, fundi kompyuta wa hospitali, alikuwa amevaa nyeusi kama wafiwa, kwa sababu naye alikuwa mfiwa. Nyuma ya ukuta ule, kwenye jokofu, alilala mjomba wake Boaten, kaka wa mama yake, aliyemlea na kumsomesha. Familia ilikuwa nje kwenye mabenchi, na mkuu wa ukoo, Opanin Dwomo, alikwishawatuliza watu wa beni ya tarumbeta.

"Mtoto wetu mwenyewe yuko ndani," aliwaambia. "Wengine watangoja, sisi tutapita."

Maiti hatoki bila kibali cha ofisi ya kumbukumbu, na mhudumu wa mochwari lazima akione kibali hicho kwenye kompyuta yake. Karatasi walizikataa tangu familia moja ilipopewa bibi wa watu wengine, wakamzika kwa nyimbo. Kwa hiyo Asiedu alitoa kompyuta mpya stoo, akaipangusa vumbi, akaanza kuiingiza kwenye kikoa, yaani ule ukoo wa kompyuta za hospitali zinazotambuana na kufunguliana milango.

Ikakataa. Akaitazama saa ya mashine: ilikuwa imelala stoo hata ikaamini bado ni mwaka juzi, na seva haiongei na aliyepotelewa na tarehe. Akairekebisha. Ikakataa tena, ikidai kikoa hicho haikijui. Kumbe ilikuwa ikiulizia njia huko nje kwenye intaneti badala ya kuuliza seva iliyo ghorofani, kama mtu anayemuuliza mpita njia chumba cha mama yake kiko wapi. Akaielekeza. Safari hii ikataka jina lake, na nenosiri la mkubwa.

Jina halikumpa shida. Bwana Nketia, msimamizi wa kompyuta, alikuwa na desturi yake: mashine hupewa jina la siku iliyotolewa kwenye boksi, kama mtoto anavyopewa jina la siku aliyozaliwa. Leo Ijumaa. Asiedu akaandika Afia, jina la msichana wa Ijumaa.

Nenosiri alikuwa nalo Nketia peke yake, naye alikuwa njiani kwenda mazishini kwao. Alipita na kitambaa cheusi begani, akaliandika huku mkono mmoja ukifunika mwingine, kama anayekula nyama mbele ya watoto wa jirani.

"Ungenipa tu, mkubwa," Asiedu alisema. "Leo nina mjomba humo ndani."

"Nikikupa wewe, kesho analo mpishi. Pole sana na mjomba. Na usinipigie simu, kwetu hakuna mtandao hata wa kusengenyea."

Akaondoka. Kioo kikaandika: Karibu kwenye kikoa. Asiedu nusura acheke kwa sauti, mochwari. Alitoka kuwaambia jamaa, Opanin akampiga bega, wapiga tarumbeta wakaanza kulowesha midomo.

Aliporudi, simu ya mezani ilikuwa ikilia. Alikuwa Bi Konadu wa ofisi ya kumbukumbu.

"Asiedu, mashine yangu imenifukuza. Eti uaminifu kati yake na kikoa umevunjika. Mimi, na uaminifu wangu wote huu?"

"Tangu lini, mama?"

"Sasa hivi. Nilikuwa naandika jina la mjomba wako."

Akakimbia hadi ofisini kwake. Hospitali nzima iliiita "mashine ya Bi Konadu", na hakuna aliyekumbuka kwamba nayo iliwahi kutolewa kwenye boksi siku ya Ijumaa. Akatafuta jina lake: Afia. Nketia majina yote alikuwa nayo kichwani, lakini alikuwa na haraka, hakutazama. Na kikoa hakiwezi kuwa na Afia wawili. Kilikuwa kimempa mpya nafasi ya wa zamani, na wa zamani kikamkana.

Alijaribu kila alichojua. Alichomoa waya wa mtandao. Mashine ikamfungulia Bi Konadu, lakini ndani patupu, maana kumbukumbu zilikuwa upande wa pili wa waya. Akamleta mama wa watu mochwari akae kwa Afia mpya. Programu ya kuandika vibali ilikuwa kwenye mashine yake ya zamani tu, humu haikuwemo, na kuiweka kulitaka nenosiri. Kubadili jina kulitaka nenosiri. Kumrudisha wa zamani, nenosiri. Alimpigia Nketia tena na tena, na yule mwanamke wa simu akamjibu kwa upole kwamba hapatikani. Mganga mkuu angeweza kuamuru maiti atoke bila kibali, naye yuko mazishini. Siku kama hii nani hayuko mazishini?

Opanin Dwomo akaingia. "Watu wa beni wanauliza wapige au walale."

"Bado, Nana," Asiedu alimjibu mzee kwa heshima.

"Shida nini hasa?"

"Nimeipa kompyuta jina lenye mwenyewe."

"Si uibadilishe jina? Watu wazima tumewabadilisha majina."

"Siwezi, Nana. Mwenye ruhusa ameondoka."

"Boaten alikusomesha ili uje utuambie huwezi?" Hakusema kwa hasira. Asiedu aliona afadhali angekasirika.

Jua lilipoanza kushuka, mhudumu akafunga mlango wa chuma na kusema pole kwa kila mmoja. Nyumbani kitanda cha maiti kilikwishatandikwa vitambaa vya kente, sufuria zilikuwa motoni, na wageni kutoka Accra walikuwa njiani. Hakuna aliyejua atawaambia nini. Asiedu bado alikuwa kwenye kiti, akibahatisha maneno aliyojua yatakataliwa.

Mama yake, Maame Dufie, akaja kusimama nyuma yake. "Inasemaje?"

"Inasema mjomba yupo, anangoja kibali."

"Kwamba yupo najua." Akamtoa vidole kwenye vitufe, kimoja kimoja. "Tangu asubuhi unashindana na hiki kitu, na kaka yangu hujamlilia. Ufundi umekwisha, mwanangu. Njoo nje uwe mpwa."

Akamfuata. Alipokaa tu kwenye benchi kilio kikamtoka kwa nguvu, hakuweza kukizuia. Wapiga tarumbeta, waliokuwa wakifunga vyombo vyao, wakasikia kilio wakadhani mzee ametolewa, wakasimama wakaanza kupiga.