Kofia Juu ya Betri

Pokuaa alikuwa na pesa za gari moja, na alikuwa na baba mmoja, na wiki ile nzima alihofia kwamba ili apate lile gari itambidi amwaibishe yule baba.

Baba yake, Agya Nsiah, alikuwa fundi wa injini pale Suame, mjini Kumasi, mahali ambapo nusu ya magari ya Ghana hupelekwa ama kufa ama kufufuka. Miaka thelathini na minane. Sifa yake haikuwa mikono, maana mikono kila fundi anayo. Sifa yake ilikuwa masikio. Gari lilikuwa likikata kona huku yeye anakula, na kabla dereva hajazima anaambiwa, "Silinda ya tatu hiyo, na umeipuuza tangu Pasaka." Madereva walimwogopa kama mchungaji anayezijua dhambi zao. Sasa masikio yale yalikuwa yamekwisha. Vyuma viligongwa kando yake tangu ujana, na kila mlio ulikuwa umeondoka na kipande cha usikivu wake. Ukimuuliza kama amekula, anakujibu kwamba mvua itanyesha jioni. Lakini kukiri? Thubutu. Kosa lilikuwa la watu wengine. "Siku hizi watu wanatafuna maneno," alikuwa akisema. "Fungueni midomo." Na Pokuaa, aliyempenda kupita kiasi, hakuwahi hata mara moja kumpazia sauti, kwa sababu kumpazia sauti kungekuwa ni kumwambia.

Kumtafuta fundi mwingine nako hakukuwezekana. Mtu yeyote anayetaka gari la mtumba humchukua fundi wake wakaenda kulitazama pamoja. Mtoto wa fundi huenda na baba yake, maadamu baba yu hai. Akionekana na fundi mwingine, Suame nzima inaelewa kitu kimoja tu, kwamba mzee amekwisha na hata wa nyumbani kwake wameshajua. Kuanzia kesho yake mzee huyo hapati hata mtu wa kumletea pikipiki.

Mume wake, Asiedu, alikuwa ameshapigwa marufuku kuchagua gari. Yeye ndiye aliyewanunulia gari la kwanza, na alilinunua kwa sababu ya redio. Redio ilikuwa nzuri kweli. Iliwaimbia kwa saa saba kando ya barabara ya Techiman, mapacha wakilia kiti cha nyuma, na mama mkwe ameketi juu ya begi lake kwenye kivuli cha boneti iliyofunguliwa, akimsifu mwanawe kwa maneno yasiyoandikika. Gari lile waliliuza kwa kilo, kama chuma chakavu. Iliwachukua miaka sita kukusanya pesa nyingine, kutoka mshahara wa Pokuaa wa uuguzi na ule wa Asiedu wa ualimu, na miaka sita mingine hawakuwa nayo. Watoto watatu walikuwa wakivuka barabara mbili kubwa kwenda shule, na magoti ya mama mkwe hayakuweza tena kugombania viti na watu. Safari hii wakikosea, basi.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi Pokuaa akaenda kwa Baffour.

Baffour alijifunza ufundi kwa Agya Nsiah miaka minne. Siku ya kufuzu alipiga magoti mbele ya mzee, akamwagiwa poda kichwani mpaka akafanana na andazi lililovingirishwa kwenye unga, na tangu siku hiyo anamwita Masta hata anapomtaja mbele ya polisi. Sasa alikuwa na gereji yake, na wanafunzi wake, na kitambi chake. Alimsikiliza Pokuaa huku akipangusa vidole kimoja kimoja.

"Dada Pokuaa, unataka nimkosoe Masta?"

"Sitaki umkosoe. Nataka usikilize gari kwa siri."

"Siri, Suame? Hapa ukipiga chafya, aliyeko mwisho wa mtaa ndiye anayekuombea afya."

"Baffour, nina watoto watatu na mama mkwe."

"Mama mkwe namjua," alisema Baffour, na uso wake ukawa wa huruma. Akapangusa tena vidole ambavyo vilishakuwa safi. "Mimi nikimsahihisha Masta mbele za watu, ile poda itarudi kunidai. Lakini haya. Jumamosi, akishachagua, wewe tafuta sababu ulilete hapa. Mimi nitakuwa chini ya lori, sijui kitu."

Pokuaa alimshukuru akaenda zake, amefarijika na huku anaona haya, na wala hakukumbuka kujiuliza Jumamosi Baffour aliitoa wapi, ilhali yeye siku hakuitaja.

Jumamosi walifika kwa Bwana Frimpong asubuhi na mapema, kwa sababu Agya Nsiah hakukubali kulitazama gari lililokwisha kuamka. Injini, alisema, ni kama mtu, ukitaka kuujua ugonjwa wake mkute hajanawa uso. Frimpong, mwenye uwanja wa magari, walimkuta bado ana mswaki mdomoni.

"Mzee, mmewahi," alisema. "Magari yangu bado yamelala."

Agya Nsiah akaweka kiganja juu ya boneti ya gari jeupe, lile lililokuwa mbele kabisa, likiwa limeoshwa mpaka tairi zinang'aa. Akakiacha pale kidogo.

"Hili halikulala," alisema. "Hili lina joto kama uji."

"Mlinzi alilisogeza tu, mzee, kidogo tu, ili apate pa kufagia..."

Mzee alikuwa ameshapita. Huenda hakusikia, au alisikia akaona halistahili jibu. Kwake siku hizi mambo hayo mawili yalikuwa na sura moja. Lakini Pokuaa alielewa, kwani alikulia kwenye maneno hayo. Gari linalopashwa moto kabla mnunuzi hajafika lina jambo ambalo baridi ingelitoa hadharani.

La pili lilikuwa la rangi ya fedha, na Pokuaa, kusema kweli, alilipenda. Viti vyake vilikuwa kama makochi ya sebuleni. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Frimpong alilisifu upande wa kulia, akalisifu upande wa kushoto, akaahidi tairi la akiba bure. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Agya Nsiah hakuisikiliza hata injini. Aliingia kiti cha nyuma, akaushika mkanda, akauvuta, akaendelea kuuvuta hadi ukatoka wote, mpaka ile sehemu ya mwisho ambayo hakuna abiria anayewahi kuifikia. Hapo palikuwa na alama ya udongo wa kahawia, imekaukia ndani ya nyuzi.

"Nusa," alimwambia binti yake.

Pokuaa akanusa. Palinuka mto.

"Limewahi kuoga," alisema mzee. "Viti wamebadilisha, zulia wamebadilisha. Mkanda huwa wanausahau."

Frimpong akaanza kupiga mswaki upya.

La tatu lilikuwa nyuma kabisa, kando ya ukuta. La kijani, refu upande wa mizigo, mlango mmoja una kidonda, rangi imechoka kama kitambaa cha jikoni. Boneti yake ilikuwa baridi. Agya Nsiah aliifungua, akavua kofia yake, akaiweka juu ya betri. Pokuaa alishangaa kidogo. Kofia ile ya kijivu haikuwahi kutoka kichwani mwa baba yake isipokuwa kanisani na mazikoni. Mzee akachovya kidole kwenye oili, akaisugua, akainusa. Akainama kutazama mipira ya pedali, halafu akatazama mita ya kilomita, akaona vyote viwili vinasimulia hadithi moja. Akaagiza liwashwe. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, kama alivyofanya miaka yote, akafumba macho.

Na Pokuaa akasikia. Tik, tik, tik. Mlio mdogo, wa upande wa kushoto, unaofuatana na injini. Mtoto wa fundi hahitaji bisibisi kusikia kitu kama hicho. Alimtazama baba yake usoni, akangoja kope zitikisike, akangoja ile mikunjo ya kipaji cha uso. Hakuona kitu.

"Safi," alisema Agya Nsiah.

Pokuaa akamsogelea.

"Agya," alisema, "kuna kitu kinagonga."

"Eeh, litawatosha watoto wote," mzee akamjibu.

Madalali wawili waliokuwa wameegemea ukuta wakatazamana. Frimpong akatazama chini, na huo ndio wema pekee aliowahi kumfanyia mteja. Pokuaa angeweza kurudia kwa sauti. Pumzi ilikuwa tayari kifuani. Akaimeza.

Mzee akaivaa kofia yake na kufunga boneti kwa haraka. "Lizungushe mwenyewe," alisema. "Mpaka kule mzungukoni na kurudi. Mimi nitabaki hapa, Frimpong atanipa uji wa koko. Usiharakishe."

Pokuaa hakwenda mzungukoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Baffour, machozi yanamlenga, akalikuta lori na miguu miwili imechomoza chini yake.

"Linagonga, Baffour, na amesema safi. Hakusikia. Nifanye nini mimi?"

Baffour akajivuta nje, akasikiliza muda mfupi sana, mfupi kuliko inavyofaa kwa mtu anayelisikia gari kwa mara ya kwanza. "Vali tu," alisema. "Nusu saa nitakuwa nimeirekebisha. Na afadhali vali inayogonga. Inayogonga haiungui, inayoungua ni ile iliyobana ikanyamaza. Hili gari, dada, litawafikisha mapacha chuo kikuu."

Pokuaa hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa ameifungua boneti, na pale juu ya betri, mahali ilipowekwa kofia, aliona alama ya chaki ya manjano, duara lenye mkia. Alama ile aliijua. Ilikuwa imechorwa juu ya mlango wa gereji hii hii, na kwenye kila injini ambayo Baffour aliwahi kuipitisha.

"Baffour. Ulishaliona gari hili?"

Baffour alijikuna shingo, akaacha alama ya grisi.

"Masta alikuja Jumatano," alisema mwishowe. "Kwa miguu. Alisimama pale ulipo, mbele ya wanafunzi wangu wote, akavua kofia. Mimi nikajua kuna mtu amekufa. Akaniambia, 'Masikio yangu yamekwisha, Baffour. Mwanangu ana pesa za gari moja. Nenda ukanisikilizie.' Masta wangu, dada. Kofia mkononi, kwangu mimi."

Pokuaa akaigusa ile chaki kwa kidole.

"Nikaenda Ijumaa, nikajifanya nanunua. Hili nikaliwekea alama. Na lile la fedha pia nililipitisha, maana injini yake tamu."

"Lile limezama mtoni. Ameuvuta mkanda mpaka mwisho."

Baffour akacheka polepole, kwa mapenzi. "Mkanda. Miaka yote hii, na bado ananifundisha." Akachukua kitambaa ili afute chaki, kisha akakiweka chini. "Aliniomba nisikuambie. Akasema, 'Atakuja kwako pia, namjua. Mwache aje. Usimwonyeshe kama ninajua.'"

Kumbe ndiyo maana ya lile "usiharakishe".

Pokuaa aliporudi, mzee alikuwa amemaliza uji na anafutia bakuli kwa koose ya mwisho, ile bajia ya kunde. Hakuuliza amekwenda wapi wala kwa nini amechelewa. Pokuaa naye hakusema. Alimlipa Frimpong, na Frimpong, kwa kuwa ameshindwa kihalali, akaleta chupa ndogo ya pombe kali, akamwaga tone mbele ya kila tairi, akaliombea gari safari za kwenda na kurudi. Halafu Agya Nsiah akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, na hakusahau kuuvuta kwanza mpaka mwisho.

Walitoka Suame polepole. Mzee aliweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha hapo, kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. Wakapita kituo cha mafuta, wakawapita wauza ndizi za kuchoma. Pokuaa aliendesha akikitazama kile kiganja chenye makovu, akawaza jinsi kilivyoshika kofia mbele ya wanafunzi wa watu, na akaona kwamba hata asipopata gari lingine maishani, hili limeshamlipa.

"Pokuaa," alisema mzee, macho mbele.

"Agya."

"Linasemaje?"

Maisha yake yote Pokuaa hakuwahi kumsikia baba yake akimuuliza mtu swali hilo. Watu ndio waliomuuliza yeye. Akavuta ile pumzi aliyoimeza asubuhi, akafungua koo, na safari hii hakujizuia.

"Linagonga! Tik, tik, tik! Upande wa kushoto!"

Muuza maji kando ya barabara akageuka kuwatazama. Agya Nsiah hakushtuka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kiti.

"Ukikanyaga mafuta mlio unaongeza mwendo?"

"Unaongeza!"

"Vali hiyo. Na nini tena?"

"Tairi la nyuma linaimba!"

"Linaimba au linalia?"

Pokuaa akasikiliza kwa makini, kwa niaba ya watu wawili.

"Linaimba, Agya!"

"Basi liache liimbe."

Mzee akaivua kofia yake, akaiweka juu ya magoti, akaegemeza kichwa na kufumba macho.

"Endelea," alisema. "Niambie yote."

Naye akamwambia, kwa sauti kubwa, mpaka nyumbani.