Pumzi ya Des

Joto la Februari lilikuwa limeugeuza ukumbi wa mji wa Kurrandale kuwa tanuri, na feni zimezimwa zisije zikaharibu sauti. Watu watano wa jopo walikaa wakitokwa jasho mbele ya pazia jeusi. Nyuma ya pazia, wapiga fidla wanne waliopewa namba waliingia mmoja mmoja bila viatu, ili hata kishindo cha kisigino kisimtaje mtu. Waligombea kiti kimoja tu, cha kuongoza fidla za okestra katika msimu mpya wa maonyesho.

Kiti hicho Des Tregenza alikuwa amekikalia miaka kumi na tisa, na nusu ya wapiga fidla wa mji aliwafundisha yeye. Kaja kondakta mpya wa kuiongoza okestra, kasema kila kiti cha mbele kigombewe upya. Na mkewe Des, Lorelle, mpiga zumari, ndiye huyo katikati ya jopo. Aliomba kujitoa, wakamjibu pazia linatosha. Linatosha! Muulize mwanamke aliyeishi na mtu miaka ishirini na sita kama pazia linatosha.

"Nikikikosa kiti hiki, mke wangu, fidla nauza," Des alimwambia asubuhi ile, chai haimshuki.

"Acha uchuro, mzee. Kunywa chai."

Tangu Krismasi Des alikuwa akijifungia gerejini kufanya mazoezi, hata mkewe hamruhusu kusikiliza. Lorelle alidhani ni woga wa uzee, akamhurumia kimyakimya.

Namba moja alibabaika. Namba mbili alipiga mpaka Lorelle akasahau jasho: muziki safi, umetulia, pumzi ya mpigaji haisikiki kabisa. Huyu ndiye atakayemzika Des wangu, akawaza. Namba tatu akapita bila jipya. Namba nne, kabla hajagusa uzi, akavuta pumzi puani, fupi na kali. Lorelle akang'ang'ania kiti. Pumzi ile aliijua, ndiyo iliyoanzisha kila wimbo nyumbani kwake. Namba nne alipiga vizuri, ila aliteleza mara mbili. Mara mbili, Des, jamani!

"Kuna aliyemtambua mtu?" akauliza mwenyekiti, Bwana Kinnane. "Kama yupo aseme sasa, atoke."

Lorelle akainamia karatasi yake, mkono hakuinua.

Kura zikagawanyika, wawili wakataka namba mbili, wawili namba nne.

"Umebaki wewe, dada," Kinnane akamwambia Lorelle. "Aprili tunafungua msimu, na mchapaji anangoja jina."

"Mbili ni fundi," akasema Lorelle. "Lakini nne ana roho. Nampa nne."

Pazia likavutwa. Namba nne alikuwa Phoebe Nowak, binti aliyefundishwa na Des tangu ana miaka saba, mpaka na pumzi akaiiga. Aliposikia kapata, akaangua kilio cha furaha. Pembeni yake, soksi imetoboka kidoleni, karatasi ya namba mbili mkononi, alisimama Des.

Alimpongeza mwanafunzi wake kwanza. Kisha akamwendea mkewe, macho mekundu, akijilazimisha kucheka.

"Ulisikia lakini? Ile pumzi nimeiacha! Miezi miwili gerejini napigana nayo, watu wasije wakasema mke wangu kanipendelea."

"Sikukutambua," akasema Lorelle. "Wallahi, Des, sikukutambua."

"Basi angalau hapo nimeshinda," akasema Des, akainama kutafuta viatu vyake.