Mguu wa Winfrida

Kwenye ukuta wa kibanda cha gemu cha Swaibu, pale Mwanga karibu na soko, kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Sheria ya kuandikwa ilikuwa moja tu: uwe umemaliza gemu kwa ugumu wa juu kabisa. Jina la Winfrida lilikuwapo mara tatu, kwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu ya Ngome ya Chuma, na hakuna mwingine aliyefikisha hata mbili. Winfrida huyu ni fundi cherehani wa mlango wa pili, mama wa watoto wawili, na habari za majina hayo angekupa kabla hajakupima kiuno.

Sehemu ya nne ndiyo iliyomtoa jasho. Wiki tatu alifika kwa Mhunzi, jitu la mwisho lenye nyundo, na wiki tatu nyundo ikamlaza chali. CD yenyewe ilikuwa ya kuazima, na kesho asubuhi ilikuwa inarudi kwa mwenyewe, huko Kasulu. Ilikuwa ni mchana huo au basi tena.

"Dada, shusha ugumu," akasema Gervasi, dereva wa bodaboda aliyejilaza kwenye benchi. "Mimi niliweka nyepesi, siku mbili nikamaliza, na raha nikapata. Gemu za siku hizi zinakuachia uchague. Unajitesa nini?"

"Na jina lako liko ukuta gani?"

Gervasi akacheka, maana si mtu wa kununa. Lakini neno lake lilimwingia Winfrida. Hakuwa na ugomvi na wanaocheza nyepesi, kila mtu na raha yake. Raha yake yeye ilikuwa kushindwa, kushindwa tena, halafu kushinda, na safari hii huko kushinda kulikuwa kumechelewa mno. Alianza kuogopa kwamba vidole vimemzeekea, na hofu hiyo ilimuuma kuliko nyundo.

Ndipo akaingia Bi Asia, muuza dagaa wa Kibirizi, kulifuata gauni lake.

"Shikamoo, Bi Asia. Limebaki mikono tu."

"Marahaba. Juzi pia lilibaki mikono. Haya maliza hayo mambo yako, mimi siondoki." Akavuta kigoda, akaketi.

Mhunzi akainua nyundo. Winfrida akakwepa, nyundo ikakawia juu kidogo, kisha ikamshukia akiwa anasimama. Akarudia. Ikawa vilevile. Akarudia mara ya tano, na sasa hata Swaibu akaanza kutazama pembeni kwa huruma.

Bi Asia hakuwa akitazama runinga. Alikuwa akitazama chini.

"Mwanangu, huo mguu unashona nini?"

Wote wakainama. Ndani ya kandambili, mguu wa Winfrida ulikuwa ukikanyaga sakafu, juu chini, juu chini, kama uko kwenye cherehani. Gervasi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi.

Winfrida hakucheka. Majitu ya sehemu tatu za kwanza yalipiga kwa mpangilio usiobadilika, na mguu ndio uliokuwa ukimhesabia bila yeye kujua. Mhunzi aliishikilia nyundo kadiri alivyotaka, na kila mara mguu ulimharakisha Winfrida akakwepa mapema.

"Nifunge," akasema.

Bi Asia akavua kanga ya mabegani, akamfunga miguu yote miwili kwa fundo lile la magunia ya dagaa. Nyundo ikainuka. Mguu ukafurukuta, ukashindwa. Winfrida akangoja, akangoja, na nyundo ilipoanza kushuka ndipo akakwepa na kuchoma mkuki. Dakika kumi baadaye Mhunzi alikuwa chini, na kibanda kizima kilikuwa kikipiga makelele.

Winfrida alisahau kwamba amefungwa. Aliruka kwa miguu miwili hadi ukutani, machozi yakimtoka, akaandika jina lake mara ya nne. Chini yake akaongeza: *na Bi Asia, aliyeuona mguu.*

Bi Asia akayasoma maandishi taratibu, akaridhika. Kisha akainama kulifungua fundo.

"Haya, nenda na huo mguu sasa," akasema. "Mikono ya gauni langu inausubiri."